Watangazaji, mtajeni mwenye wimbo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Barua yangu ni ndefu, nalijua hilo. Ukiona vyema ikate, ila usiikate mwishoni maana huko ndiko kwenye ombi.

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzetu aliandika kwamba vijana wa leo ni wezi wa nyimbo. Ati wanachukua kazi za wazee, wanazitia midundo ya kompyuta, kisha wanajiita wasanii. Akataka wapigwe marufuku kurudia nyimbo za zamani, na anayetaka kuzisikia azitafute zile orijino. Kwa umri wangu ilipasa nikae upande wake. Nimejaribu, nimeshindwa.

Siku barua hiyo ilipotoka nilikuwa barazani na mjukuu wangu, yuko sekondari. Simu yake ilikuwa ikipiga muziki yenyewe, kama zifanyavyo simu za sasa: wimbo ukiisha inakuletea mwingine ambao hukuuomba. Akaingia Saida Karoli na "Maria Salome", ule ambao sisi tuliuita "Chambua kama karanga". Kijana akainua kichwa, akasikiliza kidogo, akasema, "Babu, huyu mama kaimba wimbo wa Diamond."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Saida aliuimba ule wimbo mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima ikaucheza, harusini, kwenye mabasi, kila mahali. Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua mwaka 2016 na kuuita "Salome", na mwaka huo mjukuu wangu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuandika jina lake. Kwake yeye wa kwanza ni Diamond. Nikamweleza, hakuniamini mpaka alipotazama mwenyewe. Kisha akampiga Saida mara tatu mfululizo, na mara ya tatu akaniuliza yale maneno ya Kihaya maana yake nini. Mimi mtu wa Tanga, Kihaya nakijulia wapi? Tukamwita jirani yetu, mwalimu mstaafu mzaliwa wa Bukoba, akaja na kiti chake na jioni ile ikaishia hapo. Sasa nauliza: bila Diamond, mtoto yule angemjulia wapi Saida Karoli?

Nieleze kwanza mimi ni nani hata nikaingilia mambo haya. Toka mwaka 1984 hadi 2007 nilikuwa na duka la kurekodi kaseti, Ngamiani, hapa Tanga. Lilikuwa kibanda tu, lakini lilikuwa na deki ya mikanda miwili niliyoletewa na shemeji yangu baharia, mashine ya santuri, spika mbili zilizotazama barabarani, na bakuli la kalamu za Bic. Hizo si za kuandikia tu. Mashine ikikutafunia mkanda, unauchomoa taratibu, unachomeka kalamu kwenye tundu la kaseti na kuzungusha mpaka mkanda wote urudi ndani. Za kuandikia lebo nilikuwa na wino wa kijani, na ndiyo iliyokuwa alama yangu. Mtu akiona kaseti ya lebo ya kijani alijua imetoka kwa Fundi Kaseti. Mtaukumbuka huo wino, nitaurudia.

Ila habari yangu na nyimbo za kurudiwa ilianza kabla ya duka, nyumbani kwa mama.

Redio yetu ilikuwa moja, ya mawe sita, yaani betri, na mawe yakiisha nguvu tulikuwa tukiyaanika juani juu ya bati. Siku moja, ningali mtoto, mama anapeta mchele uani na shangazi anachambua mchicha. Redio ikapiga "Malaika", na aliyeimba alikuwa Miriam Makeba. Kwetu sote wimbo ule ulikuwa wake. Hatukuwa tumemsikia mtu mwingine nao, wala hatukuwahi kujiuliza mwanamke wa Afrika Kusini alikipata wapi Kiswahili kile. Mama akasimamisha ungo.

"We, hebu sikiliza. Anasema ningekuoa. Mwanamke anaoa?"

Shangazi akasema labda kwao ndivyo walivyo, wanawake wanaoa.

"Hata," mama akasema. "Huo wimbo wa mwanamume. Huyu kauazima."

Akarudi kwenye mchele wake. Mama yangu hakusoma zaidi ya kuijua Kurani, lakini kwa neno moja tu alikuwa ameona ambacho redio nzima haikututajia: kwamba nyuma ya sauti ile palikuwa na kijana wa kiume asiye na kitu, anayempenda msichana na hana mahari ya kupeleka. Kiswahili chetu kina ukali huo. Mume huoa, mke huolewa, na ukiuvaa wimbo wa mwenzio lile neno moja linakuchungulia kama upindo wa shumizi. Makeba hakubadilisha neno. Wala simlaumu, angesema "ungenioa" wimbo ungegeuka kuwa mwingine kabisa, wa mwanamke anayemlaumu mwanamume kwa umaskini wake.

Basi nikakaa na neno la mama, "kauazima", miaka kumi na mitano au zaidi. Duka likafunguliwa. Siku moja akaja mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na kabla ya hapo alikuwa Kenya. Alikuwa na santuri ndogo kaifunga kwenye gazeti, kava lake lilishapotea zamani. Alitaka nimtilie kwenye kaseti kabla sindano za watu hazijaimaliza. Nikaifuta kwa kitambaa cha miwani, nikaweka sindano. Mchakacho, mchakacho, halafu magitaa, halafu mwanamume. Fadhili William. Anaimba bila haraka, bila kupandisha, kama mtu aliyeegemea mlango anazungumza na mtu mmoja tu. Lilipofika lile neno, ningekuoa, lilipita laini, halikunikwaza popote.

Nilimrekodia mzee kaseti yake, na nyingine nikarekodi ya nyumbani. Mama alikuwa hai bado, macho yamekwisha kuwa hafifu. Nikampigia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ehe. Sasa maneno yamekaa." Halafu akanitaka nimrudishie yule wa kwanza, Makeba, kwa sababu sauti yake ilikuwa tamu zaidi. Hilo nalo nimelihifadhi, na yule mwandishi wa barua angelisikia naye.

Msidhani kwamba hapo ndipo nilipofika mwisho wa njia. Fadhili William, Mtaita wa Kenya aliyefariki mwaka 2001, ndiye aliyeutia wimbo ule kwenye santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960 na akajitaja kuwa mtunzi. Wapo waliosema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania. Wapo waliosema ni Lucas Tututu wa Mombasa. Pale dukani vijana wa Ngamiani walikaribia kupigana kwa jambo hili, kila mmoja na shahidi wake, na walipochoka wakahamia kwenye maneno: kidege "nakuwaza" au kidege "hukuwaza"? Sikuwa na la kuwaamulia. Nikawa nawafanya walipie soda kwanza.

Sasa nirudi kwenye wino wa kijani. Kaseti iliyouzika sana pale kwangu ilikuwa mchanganyiko wa Kenya: Les Wanyika, Simba Wanyika ambao ni watoto wetu wa Tanga waliohamia huko, na Super Mazembe. Kwenye huo mchanganyiko "Shauri Yako" haikukosekana. Nimeiandika mara mia kadhaa, kwa mkono huu: "Shauri Yako, Super Mazembe". Akaja dereva mmoja wa malori ya kwenda Zambia na Zaire, mtu mkimya, akachukua kaseti akaisoma lebo, akaniambia, "Fundi, umeandika uongo." Nikamwambia uongo wapi, Mazembe hao wanasikika mpaka kwa viziwi. Hakubishana. Safari iliyofuata akaniletea kaseti yake mwenyewe, imechakaa, akasema piga upande wa pili. Ulikuwa wimbo uleule, na waimbaji wengine. Nguashi Ntimbo na Festival du Zaire. Mazembe waliuchukua kwake.

Niliona haya kuliko nilivyotegemea. Hakuna aliyenishika shati, lakini nilihesabu kaseti zote zile zilizotoka kwenye meza yangu kwenda Pangani, Lushoto, Korogwe, Handeni, na kila moja inasema kitu ambacho si kweli kwa mwandiko mzuri. Toka siku hiyo nikawa naandika majina mawili. Lebo ikawa haitoshi, nikawa nageuza karatasi na kumalizia nyuma. Wateja wengine walinicheka, wakasema kaseti za Fundi zina maelezo kama dawa ya hospitali.

Niwe mkweli hapa: hadi leo, nikitaka kuisikia "Shauri Yako", mkono wangu unakwenda kwa Mazembe. Ndiyo niliyoanza nayo, ndiyo iliyonikuta kijana. Wimbo wa kwanza kukuingia sikioni unatengeneza kiti chake, na ukija kumpata mwenye wimbo wa kweli anakuta kiti kimekaliwa. Mwandishi wa barua anazungumza kana kwamba orijino ikisikika tu kopi itajificha kwa aibu. Kwangu haikutokea hivyo hata mara moja. Nyingine orijino ilishinda, nyingine ilishindwa, na nyingi zilibaki zote mbili, kama dada wawili.

Disko ndiyo iliyotuchanganya zaidi. Boney M., kundi lililotengenezwa Ujerumani, waimbaji wengi asili yao visiwa vya Karibi, waliimba "Malaika" mwaka 1981, na mwaka 1983 wakauimba ule wa "Jambo" na hakuna matata yake. Tulicheza hapa Tanga na suruali zetu pana bila kujua kwamba wa pili ule umetoka jirani tu, Mombasa, kwa Them Mushrooms, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Hebu fikirini. Wimbo umeanzia Mombasa, umekwenda Ulaya, umevaa viatu vya kung'aa, ndipo ukatufikia sisi tulio mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Na "Rivers of Babylon" yao ya 1978 nilikuja kuambiwa na mteja mpenda rege kwamba ni ya Wajamaika, The Melodians, 1970. Nikampa habari hiyo jirani yangu mwanakwaya kwa majivuno. Akanijibu kwamba Wajamaika nao wameitoa kwenye Zaburi ya 137. Hapo nikanyamaza. Ukiifuata orijino sana utajikuta umekaa kando ya mto na mateka wa Babeli.

Lakini kosa langu kubwa kuliko yote sijalisema, na ndilo lililonifanya niache kumcheka mjukuu wangu.

Mwaka 1974 nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Nyumbani na mtaani kwetu taarabu ya Mombasa ndiyo iliyokuwa ikitawala, na Mombasa maana yake ni Juma Bhalo. Sauti nyembamba ile, ya kulia, tabla inamjibu. Mashairi yake mengi yalitungwa na ndugu yake, Ahmad Nassir, yule wa "Malenga wa Mvita", na wanawake wa mtaa wetu walikuwa wanayajua kwa moyo, beti na kituo. Kukawa na harusi moja ambapo wimbo wake mmoja ulirudiwa mara sita. Jumapili iliyofuata nikaingia sinema, filamu ya Kihindi. Jumba limejaa, chini vijana, juu akina mama na buibui zao na visonyo vyao. Filamu imefika katikati, mwanamke amekaa dirishani mvua inanyesha, muziki ukaanza. Ulikuwa wimbo ule wa harusini! Lahani ileile, mpando uleule, mpaka mapumziko yaleyale kabla ya kiitikio. Mwigizaji akafungua kinywa, akaimba Kihindi, na akina mama wote juu wakaimba naye, kwa Kiswahili, kwa maneno ya Bhalo. Sauti ya filamu ikafunikwa. Familia moja ya Kihindi iliyokaa mbele yangu ikageuka nyuma kutazama juu, mzee wao mdomo wazi. Kisha naye akaanza kucheka, akapiga makofi kufuata.

Nikatoka mle nikiwaambia wenzangu, kwa uhakika kabisa, "Wahindi wamemwibia Juma Bhalo."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni kinyume chake, kwamba Bhalo na waimbaji wengine wa Mombasa walikuwa wakizichukua lahani za filamu za Kihindi na kuzitilia mashairi yetu, na kwamba jambo hilo halikuwa siri hata kidogo. Akina mama wale walijua. Waliokuwa hawalipendi pia walijua: kulikuwa na mtaalamu wa udi, Zein l'Abdin wa Lamu, na wapenzi wake walituona sisi wa Bhalo kama watu tusiokuwa na masikio. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa sijui. Na sikuambiwa na redio, wala na kaseti, wala na santuri. Niliambiwa na mama muuza vitumbua ambaye alikuwa haikosi filamu hata moja, tena akanisuta mbele ya watu.

Kwa hiyo mtoto anaposema huyu mama kaimba wimbo wa Diamond, mimi namsikia yule kijana wa 1974.

Na Bi Kidude je? Wengi wetu "Muhogo wa Jang'ombe" tuliujulia kwake, na sauti yake ile ya kukwaruza, sigara mkononi, mpaka alipofariki mwaka 2013. Ni wimbo wa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi santuri, akafariki mwaka 1950. Santuri ya Siti nimewahi kuishika mara moja tu, ya bibi mmoja wa Unguja aliyeletwa na mwanawe. Nzito kama sahani ya udongo. Ilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, na nilipoipiga kila mzunguko ilitoa "tak", kwa hiyo Siti akaimba na ngoma ambayo hakwenda nayo Bombay. Bibi yule alilia. Mwanawe akaniuliza kama naweza kuuondoa ule mlio. Nikamwambia siwezi, na ukweli ni kwamba sikutaka.

Sasa niingie kwenye madhambi yangu, kabla hajatokea mtu wa kunikumbusha. Mimi mwenyewe nilikuwa mwizi. Hakuna senti niliyompelekea Mazembe wala Bhalo wala mtu yeyote. Mteja alinilipa mimi, mimi nikamlipa mwenye kibanda na mwenye umeme. Hakuna sheria tuliyoiona ikitubana mpaka ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hata ilipokuja tuliikwepa miaka kadhaa kama tunavyokwepa mvua ya rasharasha. Sijisifu. Nasema tu kwamba kuna wizi wa namna mbili na siku zile sikuutenganisha. Pesa unaweza kuja kuzilipa, hata kwa kuchelewa. Ukimnyima mtu jina lake, hata watoto wake watadai kwa nani?

Muulizeni Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini. Alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akauuza kwa shilingi kumi, Wamarekani wakausikia vibaya lile neno lake wakaimba "wimoweh", ukatoka wimbo ule wa simba aliyelala ambao mjukuu wangu anaujua kutoka kwenye katuni. Linda alifariki mwaka 1962, maskini. Binti zake walifika kwenye mapatano ya malipo mwaka 2006. Kilichowasaidia ni kwamba palikuwa na watu waliokuwa wanakumbuka bado jina la aliyeimba kwanza.

Ndiyo maana siungi mkono kupiga marufuku. Vijana waachwe warudie. Wapige Mbaraka Mwinshehe, wapige Marijani Rajabu, wapige Shakila wetu wa hapa, watie hizo ngoma zao za kompyuta ambazo mimi zinaniumiza kifua. Wimbo usiorudiwa unakufa na santuri yake, na santuri nimeziona zinavyokufa. Fangasi, joto, watoto wanaofanya sahani za kurusha. Kule stoo kwangu kaseti karibu zote zimeshikana, mkanda umekuwa kama ugoro. Wimbo utakaopona ni ule ulioko kwenye mdomo wa mtu aliye hai.

Ombi langu ni kwa watangazaji, na kwa kweli ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Nasikiliza redio kutwa, sina kazi nyingine. Mtangazaji anapiga wimbo uliorudiwa, anataja jina la kijana, anataja jina la studio, anataja jina la prodyuza, anamsalimia na rafiki yake wa Kigamboni. Mwenye wimbo hatajwi. Ni sekunde tano: "Huu aliimba kwanza fulani, alitunga fulani." Basi. Zamani kwenye RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, walikuwapo watangazaji waliokutajia mpaka mpiga gitaa la besi, na ndiyo shule tuliyosomea sisi tusiokuwa na shule. Washereheshaji wa harusi vilevile, wanaopiga "Malaika" wakati wa keki kana kwamba imedondoka kutoka mbinguni pamoja na jina lake. Na bendi za mahotelini zinazowaimbia watalii "Jambo" kila usiku, mtalii akiuliza ni wimbo wa nani anajibiwa ni wimbo wa kienyeji. Wa kienyeji! Teddy Kalanda ana jina na ana kwao.

Na ninyi gazetini, Mhariri, mkiandika kwamba msanii fulani ametoa kibao kipya, na kibao chenyewe ni cha mwaka 1978, muongeze mstari mmoja. Nafasi ipo, mbona tangazo la mganga linapata robo ukurasa.

La mwisho ni la binafsi. Kama kuna msomaji Tanga, Pangani, Muheza au popote, ambaye bado ana kaseti ya lebo ya wino wa kijani, tafadhali aitazame. Palipoandikwa "Malaika, M. Makeba" aongeze Fadhili William, na pembeni aweke alama ya kuuliza kwa ajili ya wale wawili, Adam Salim na Lucas Tututu. Palipoandikwa "Shauri Yako, Super Mazembe" aongeze Nguashi Ntimbo. Upande wa B wa mchanganyiko wa disko, wimbo wa tatu, nimeandika "Jambo, Boney M. (Ujerumani)". Hiyo "Ujerumani" akate kabisa, aandike Mombasa. Asiye na kalamu ya kijani apite kwangu, ninayo moja, bado inaandika.

Fundi Kaseti,
Ngamiani, Tanga